Birika la Kabembe

Tukuswiga alikuwa ameolewa miaka tisa, na uso wa baba mkwe wake hakuwa akiujua. Kikohozi chake alikijua. Mlio wa fimbo yake juu ya changarawe aliujua vilevile, na kwa kuusikiliza tu angekuambia kama mzee ameamka vizuri au goti limemsumbua usiku kucha. Lakini uso, hapana. Mzee akitokea huku, yeye anapitia kule. Wakikutana ghafla njiani, yeye anaingia majanini, anachutama na kugeuka, na mzee naye anainua mkono, anajifunika uso, anageuza njia na kwenda zake haraka. Wanyakyusa huita jambo hilo ukutiila, kumwogopa mtu kwa heshima, na nyumba nyingi za Kyela miaka hiyo zilikuwa zimekwisha kulilegeza. Nyumba ya Mzee Hezroni haikulegeza kitu. Hata jina la mzee, Tukuswiga hakulitamka, na kulikuwa na mtoto wa jirani aliyebatizwa jina hilohilo, maskini, ambaye kwa Tukuswiga alibaki kuitwa “wewe wa pale” mpaka akaanza shule.

Tusimcheke. Aliishika desturi ile kwa moyo wote, na alijivunia kwamba katika wakwe watatu wa mzee yule, yeye peke yake hakuwahi kukosea. Kilichomtesa kilikuwa kingine. Mtoto wake aliye hai alikuwa mmoja tu, Hosiana, wa miaka saba. Waliomtangulia walikuwa wawili, na wote walizikwa Ngonga nyuma ya nyumba ya mzee kabla hawajamaliza mwezi. Na huyu aliyebaki alikuwa amemganda babu yake. Babu akienda shambani, Hosiana yuko mkononi. Babu akienda kanisani, Hosiana yuko mkononi. Maana yake ni kwamba kila mara mtoto alipokuwa na babu, mama hakuruhusiwa kuwa karibu, na Tukuswiga alikaa nyuma ya ukuta au mgomba akihesabu pumzi mpaka mwanawe arudi. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, siku za soko huria, kila mtu akinunua na kuuza. Mumewe, Ambilikile, alikuwa akivuka mto Songwe na mchele hadi kwa shangazi zake Karonga, Malawi, na kurudi na sabuni na vitenge, na safari moja alirudi na kamera aliyoipata Mzuzu. Kamera ikawa mfalme wa nyumba. Mwezi uleule zikaja habari kwamba mwekezaji ameonekana Matema akikipima kwa kamba kilima cha Kabembe, kilichopo juu ya ziwa, na kwamba atajenga hoteli na kuzungusha seng'enge. Mzee Hezroni aliposikia hakula siku nzima.

Juu ya Kabembe palikuwa na mabaki ya misheni ya Wajerumani: makaburi, ngazi za mawe, ukuta wa kanisa, na birika la kukusanyia maji ya mvua. Mawe yale yalibebwa kutoka ziwani na watu wa huku, na mmoja wao alikuwa baba yake mzee.

“Kabla hawajafunga, tutapanda wote,” akasema mzee, na maneno yakamfikia Tukuswiga jikoni kupitia kwa wifi yake, Anyes, kama yalivyomfikia yote ya mzee kwa miaka tisa. “Anasema,” Anyes akaeleza, “anataka Hosiana aliguse jiwe alilobeba babu yetu. Halafu kaka atupige picha. Na wewe unakuja, anasema. Utabeba chakula.”

“Mvua haijakatika vizuri, wifi. Udongo huko juu bado una maji.”

“Hilo nikamwambie mimi?” Anyes akacheka. “Kaa tayari Jumamosi.”

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita wakakodi pikapu. Mzee na mjukuu wake wakakaa mbele na dereva. Tukuswiga akakaa nyuma kabisa, mgongo ameupa kioo, kitenge amekivuta hadi machoni, na kapu la chakula mapajani. Kupitia Ipinda hadi Matema hakuona barabara inayokuja, aliona ile inayoondoka tu. Ziwani, mbali, mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, yalikuwa yamesimama juu ya maji, meusi na marefu, na kila yalipoinama dereva alisema upepo unakuja na kila mara upepo haukuja.

Walipoteremka ufukweni utaratibu ukapangika wenyewe. Mzee na Hosiana mbele, Ambilikile na kamera nyuma yao, kisha Anyes, kisha nafasi kubwa, kisha Tukuswiga. Alikwenda kwa masikio. Fimbo ikigonga jiwe, anasimama. Ikinyamaza akahesabu hadi ishirini, anaendelea.

Chini ya kilima, pale njia inapoacha mchanga, mwanamke wa Kikisi alikuwa akipanga vyungu vyake vya kupeleka gulioni Lyulilo. Wenzake Tukuswiga walikuwa wamekwisha kumpita kwa salamu ya haraka. Yeye, kwa kuwa ilimbidi asubiri, alisimama.

“Ndaga, mama. Mnapanda Kabembe?” mwanamke akauliza, kwa neno lile ambalo huku ni salamu na ni asante pia. Jina lake alisema ni Veronika.

“Tunapanda. Baba mkwe anataka kutuonyesha ya zamani.”

Veronika akaweka chungu chini. “Sisi hatupeleki mbuzi huko tena. Tangu mwezi wa nne. Mbuzi wa mume wangu alipotea juu kule kwenye kuta, tukamtafuta. Alikuwa analia, mama. Siku mbili. Ukisimama kwenye majani unamsikia chini ya miguu yako, ukisogea hayupo. Hatukuona shimo, hatukuona kitu. Siku ya tatu akanyamaza.”

Tukuswiga akainua macho kilimani. “Kwenye kuta, upande gani?”

“Kama ningejua upande si ningemtoa?”

Akakaza mwendo, akakaribia hadi akaona kisogo cha Anyes, akamwita kwa mluzi mdogo kama walivyozoea. Akamweleza neno kwa neno. “Mwambie kaka yako amwambie. Mtoto asiachiwe kukimbia. Pana shimo huko juu na halionekani. Usisahau neno halionekani.”

Sasa, Anyes alikuwa mwanamke mwema, mwenye moyo, lakini habari haikupita mdomoni mwake bila kuongezwa chumvi. Tukuswiga alimwona akipanda mbio, alisikia sauti yake, kisha akasikia kicheko cha Ambilikile. Baada ya muda wifi akarudi akihema.

“Nimesema. Nimemwambia kaka kuna mbuzi mzimu anayelia ardhini. Baba amesema hicho kilima alikijua kabla mwanamke huyo hajazaliwa, na mbuzi wake ameliwa na chui.”

“Sikusema mzimu, wifi. Nilisema shimo.”

“Ni kilekile.”

Haikuwa kilekile, na Tukuswiga alijua. Angekuwa mtu mwingine yeyote angepiga hatua hamsini, akamshika mzee mkono na kumwambia mwenyewe. Hatua hamsini tu! Alizitazama. Fimbo ikagonga jiwe huko juu naye, kwa mazoea, akasimama.

Ngazi za Wajerumani zilianzia kwenye miti, pana, zimeota kuvu, kila moja ndefu kuliko hatua ya mtu. Kutoka juu sauti ya mzee ilishuka vipande vipande, amechangamka kuliko kawaida, akimweleza mjukuu ni nani alibeba lipi. “Hili, ona, lilibebwa na watu wanne. Hili, baba yangu na kaka yake. Waliimba, wakakatazwa kuimba, wakaimba tena.” Hosiana alihesabu ngazi kwa sauti, akaruka namba, akaanza upya. Hapakuwa na ndege wala kinyesi cha mbuzi, na nyasi zilikuwa ndefu kama za shamba lililoachwa na wenyewe.

Walipofika kwenye makaburi walikaa kidogo, kisha fimbo ikaendelea. Tukuswiga alipofika hapakuwa na mtu. Kaburi moja lilikuwa kubwa na jingine fupi, la mtoto, na maandishi yote yameliwa na mvua. Juu ya lile fupi palikuwa na maua ya njano yaliyochumwa sasa hivi, mashina yake bado yanatoa maji, na pembeni alama ya kiganja kidogo chenye udongo. Alikijua kiganja kile. Akayaondoa maua yale kwa haraka, akayahamishia kwenye kaburi kubwa, kisha akaona aibu kwa alichokifanya, lakini hakuyarudisha.

Juu kabisa palikuwa na uwanja uliosawazishwa kwa mikono ya watu, umezungukwa na ukuta wa mawe. Ukuta wa kanisa ulisimama upande wa mlima, umebaki mmoja, dirisha lake wazi. Upande wa ziwa uwanja ulikatika ghafla, na chini yake palikuwa na kinjia chembamba chenye kivuli. Huko ndiko Anyes alikomwelekeza.

“Kaa hapo chini, hutaonekana. Baba anasema picha kwanza, chakula baadaye. Mimi napanda nisaidie kumpanga, maana anataka kofia isionekane na kaka anataka kofia ionekane.”

Akapanda. Tukuswiga akabaki peke yake, kapu mkononi, ukuta wa uwanja ukiwa juu ya kichwa chake mara mbili ya kimo chake. Akatafuta pa kukaa. Ndipo pua yake ikanasa harufu.

Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa zamani kidogo. Akaifuata hatua sita, saba, hadi mahali mawe ya ukuta yalipokuwa yamebomoka na kuacha mlango mdogo, wa kuingia mtu akiinama. Ndani kulikuwa na giza na baridi, na sakafu ya tope. Macho yalipozoea akaona mifupa, ngozi iliyokauka, na kamba shingoni, iliyosukwa vizuri na mtu aliyempenda mbuzi wake.

Akainua macho. Dari ilikuwa ya magogo. Wajerumani walikuwa wamelifunika birika lao kwa magogo, mawe na udongo, na majani yakaota juu yake miaka themanini, hata aliye juu akaona ni uwanja tu kama uwanja mwingine. Magogo yalikuwa yameoza. Mizizi ilining'inia katikati yake kama nyuzi za mkeka uliochakaa, maji yalidondoka, na mahali pamoja palikuwa na tundu lenye mwanga wa kijani, pengine pale mbuzi alipopitia, na nyasi zilikuwa zimelirudia kulifunika.

Kisha udongo ukadondoka. Kidogo, upande wa kushoto. Ukadondoka tena, karibu zaidi. Hatua za mtu. Na katikati ya hatua hizo akasikia fimbo ikigonga, si juu ya jiwe sasa, bali kwa mlio mzito wa kitu chenye uwazi chini yake.

“Rudini nyuma kidogo,” sauti ya Ambilikile ikaja kwa mbali. “Bado. Nataka ukuta wote wa kanisa uingie. Rudi, baba. Rudi tena, Hosiana.”

Tukuswiga alitaka kumwita mumewe. Sauti ilitoka kwa jina la mtoto.

“Hosiana! Hosiana, toka hapo! Njoo kwa mama!”

Sauti ikajaa birikani, ikazunguka, ikapanda. Kisha akamsikia mwanawe akicheka kwa furaha ya kitoto.

“Babu! Mama yuko chini ya ardhi! Anaongea humu!” Na udongo ukadondoka mfululizo, mahali papya, karibu na tundu, kwa kuwa mtoto alikuwa amekuja kutafuta sauti inatokea wapi.

Tukuswiga akafunga mdomo wake kwa mikono miwili. Angeita tena angemvuta mtoto katikati. Akatupa kapu, akatoka kwa kuinama, akakimbia kando ya ukuta, akaparamia mawe yaliyobomoka, kucha zikamkatika, akatokea uwanjani, mbele ya mtu ambaye miaka tisa yote alikuwa amejifunza kutomtokea.

Aliona kila kitu kwa mara moja. Ambilikile mbali, jicho moja limefumbwa, kamera usoni. Anyes kando yake na kofia mkononi. Na mbele ya Tukuswiga mwenyewe, hatua tano, juu ya ukingo wa mawe wa birika, walikokuwa wamefika kwa kuitafuta sauti, Mzee Hezroni amesimama imara kabisa, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amemshika Hosiana, ambaye alikuwa amechuchumaa na sikio ameliinamisha kwenye nyasi. Ukingo ule ulikuwa jiwe tupu. Mzee alikuwa amesimama mahali salama kuliko pote pale.

Akageuza kichwa, na macho yao yakakutana.

Alikuwa na uso mwembamba, wa upole, wenye kovu dogo juu ya nyusi. Tukuswiga alipata nafasi ya kuona hayo tu. Mzee alishtuka kama aliyeingiliwa bafuni, na mwili wake ukafanya kile ulichokifanya miaka yote hiyo bila kumwuliza. Mkono wa kulia ulikuwa na fimbo. Akauachia mkono wa mtoto, akainua wa kushoto, akajifunika uso, akageuka, akaondoka haraka kumpisha mkwewe. Akaondoka kuelekea katikati.

“Usiende huko!” Tukuswiga akapiga kelele. “Tata! Simama, tata!”

Hakuwahi kumsemesha, wala kumwita tata, yaani baba. Sauti ile, ikimlenga yeye, ilimtia mzee aibu zaidi kuliko uso, naye akaongeza mwendo. Hatua ya tatu ilizama hadi kwenye kifundo. Hosiana, aliyeona babu anaondoka na mkono umebaki mtupu, akainuka kumfuata.

Tukuswiga alimdaka kwa gauni. Lilikuwa gauni la mitumba, jepesi, likachanika begani hadi kiunoni, akamdaka tena kwa mguu, wakaanguka wote wawili juu ya ukingo wa mawe. Mbele yao nyasi zikainama kuelekea ndani, taratibu, halafu hazikuwepo. Mlio wake haukuwa mkubwa. Vumbi likapanda kidogo, na katikati ya uwanja wa Wajerumani kukawa na mdomo mweusi.

Anyes ndiye aliyepiga yowe. Ambilikile alikuwa bado ameishika kamera, analitazama lile shimo. Tukuswiga akamweka mtoto mikononi mwa mumewe kwa nguvu, akamfunga mikono yote miwili juu yake. “Usimwachie,” akamwambia. “Kwa chochote kile, usimwachie.” Kisha akarudi alikotoka, kwa kuwa mlango wa chini aliujua yeye peke yake.

Mzee alikuwa amelala chali karibu na mifupa ya mbuzi, gogo moja limemkalia kifuani, na mguu mmoja haukuwa unaelekea panapostahili. Alikuwa anapumua. Tukuswiga akajaribu kulisukuma gogo, likakataa. Akapiga magoti kwenye tope, akakiinua kichwa cha mzee, akakiweka mapajani.

“Nani huyo?” mzee akauliza. Macho alikuwa ameyafumba.

“Ni mimi, tata. Mama Hosiana.”

Mkono wa kushoto wa mzee ukajaribu kuinuka kwenda usoni. Ukafika kifuani, ukachoka, ukakaa hapo.

“Mtoto?”

“Yuko juu na baba yake. Ni mzima.”

“Nilimwachia.”

“Ndiyo, tata.”

“Nilikuwa nimemshika vizuri, nikamwachia.”

“Ungeendelea kumshika mngeanguka wote,” Tukuswiga akasema. Alikuwa analia na hakujali anasikika.

Mzee akapigania pumzi. “Hapana,” akasema. “Ningeendelea kumshika nisingeondoka pale.”

Hilo lilikuwa kweli na wote wawili walilijua. Juu, kwenye duara la mwanga, vichwa vya Ambilikile na Anyes vilikuwa vinamwita baba kwa zamu, kisha Anyes akasikika akikimbia kuteremka kuomba msaada ufukweni.

“Nitazame, tata,” Tukuswiga akamnong'oneza. “Humu hakuna mtu mwingine. Nitazame mara moja tu, ujue ni nani amekushika.”

Kope za mzee zilitetemeka. Alikuwa anataka, Tukuswiga alikwenda na imani hiyo maisha yake yote. Lakini hakuyafumbua.

“Umenitunzia heshima miaka tisa, mwanangu,” akasema. “Usiivunje kwa huu muda uliobaki. Ndaga.”

Wanaume wanne walikuja na machela ya fito, wakaliinua gogo, wakamtoa kwa mlango wa mbuzi. Mume wa Veronika alikuwa mmojawao, na alisimama kidogo kuitazama kamba iliyokuwa shingoni mwa mnyama wake. Wakaanza kuziteremka zile ngazi, na Tukuswiga akiwa nyuma kabisa, mbali, kama ilivyotakiwa. Kwenye makaburi aliona waliotangulia wameshusha machela na kuvua kofia. Akasimama. Akahesabu hadi ishirini. Hakuna aliyeendelea.

Msiba ulikuwa Ngonga, na watu walijaa. Hakuna aliyemwambia Tukuswiga neno baya usoni, lakini nyumba za huku kuta zake ni nyembamba, na alikuwa amefundishwa na miaka tisa kusikiliza nyuma ya ukuta. Alisikia mzee mmoja wa ukoo akiuliza kama ni kweli mkwe alimtokea baba yake mbele, uso kwa uso, mchana kweupe. Alisikia mwingine akisema hakumtokea tu, alimfukuza kwa kelele hadi shimoni. Alimsikia Anyes akijaribu kueleza habari ya mbuzi, akiieleza safari hii bila chumvi hata punje, akilia, na hakuna aliyecheka wala kumsikiliza. Na alimsubiri Ambilikile aseme. Ambilikile alikuwa palepale, kiti chake kililia kila alipojigeuza, na hakusema kitu. Hapo Tukuswiga aliumia kuliko kwenye kucha zilizokatika.

Wiki tatu baadaye picha zikarudi kutoka studio ya Mbeya. Wazee walikuwa wamekuja tena nyumbani kwa Ambilikile kuzungumza mambo ya utakaso, nini kifanyike ili kosa la mkwe lisiwafuate watoto, na walikuwa wamekaa uwanjani. Tukuswiga alikuwa jikoni na Hosiana. Bahasha ilikuwa mezani. Mtoto ndiye aliyeifungua.

Nyingi zilikuwa za ngazi na miti. Ya mwisho, kidole cha Ambilikile kilikuwa kimeshtuka na kubonyeza. Ukuta wa kanisa ulikuwa umeingia wote, kama alivyotaka. Tukuswiga alikuwemo, nywele wazi, mdomo wazi. Mzee alikuwa amempa mgongo, mkono umefunika uso kabisa, mguu umekwisha kuinuka. Na katikati yao Hosiana, anamtazama babu, mkono wake mdogo umebaki juu, vidole wazi, hakuna aliyeushika.

Hosiana aliitazama muda mrefu. Tangu siku ile alikuwa hatembei bila kushika kitu, kona ya kitenge, mguu wa meza, sikio la kikapu.

“Babu aliniachia kwa nini, mama?”

“Alikuwa ananipa heshima mimi.”

Mtoto akafikiri. Akaigeuza picha, akatazama nyuma yake, akairudisha.

“Na mimi nikiolewa,” akauliza, “baba mkwe wangu atanipa heshima kama hiyo?”

Nje, mzee mmoja wa ukoo alikuwa katikati ya sentensi. Katika nyumba ile Tukuswiga alikuwa hajawahi kuinua sauti wazee wakiwa uwanjani. Aliongea kwa kunong'ona, aliita kwa mluzi.

“Hapana,” akasema.

Alilisema kwa sauti kubwa, sauti ileile ya Kabembe, ikatoka jikoni, ikafika uwanjani, na mazungumzo ya wazee yakakatika. Akamshika Hosiana mkono, akamtoa nje kupitia mlango wa mbele, mbele yao wote.